Kabla ya Kuomba Ruzuku, Iangalieni Laini ya Mweka Hazina

Ukiwa Karatina siku ya soko, au kwa steji ya Nanyuki ukingoja matatu ijae, hutakosa kusikia habari za kikundi. Kuna kikundi cha maji, cha miche, cha kuku, cha kina mama wa kanisa, cha vijana wa bodaboda. Michango mingi siku hizi hupitia kwa simu, na ndiyo maana watu wa vikundi hutuuliza sisi: kikundi chetu sasa kimesimama, tunataka kuomba ruzuku ya mradi, tuanzie wapi?

Wengi hutarajia tuwaonyeshe namna ya kuandika barua tamu. Barua ina nafasi yake na tutaigusa. Lakini sisi kazi yetu ni pesa zinavyotembea, na kwa maoni yetu ombi hujengwa au huharibika mahali pengine kabisa, yaani ndani ya simu ya mweka hazina.

Mfadhili anataka kuona nini

Hapa mlimani ruzuku za vikundi si jambo geni. Mwaka 2000 Mpango wa Ruzuku Ndogo wa GEF, unaotekelezwa na UNDP, ulishirikiana na United Nations Foundation kuanzisha programu ya COMPACT kwa maeneo ya urithi wa dunia. Mlima Kenya, ulioingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 1997, ulikuwa mojawapo, na pesa zikafika kwa vikundi vya watu wanaoishi kando ya msitu. Kwa miaka mingi kikomo cha ruzuku moja ya mpango huo kilikuwa dola 50,000. Vyama vya watumiaji wa maji ya mito, kama vile vya upande wa Naro Moru na Burguret, navyo vina mlango wao: Water Sector Trust Fund, mfuko wa umma ulio chini ya Sheria ya Maji ya 2016. Halafu kuna Kenya Community Development Foundation, KCDF, iliyoanza mwaka 1997. Hiyo imejijengea jina kwa kuzihimiza jamii zichange zenyewe na ziweke mfuko wao wa kudumu, badala ya kungoja mgeni kila mwaka.

Hawa wote hawafanani, na kila mmoja ana fomu yake na tarehe zake. Swali moja, hata hivyo, mtalikuta karibu kila mahali: ninyi wenyewe mmeweka nini? Mfadhili haulizi ili awaaibishe kwa umaskini wenu. Anataka kujua kama mradi utaendelea akishaondoka, na dalili iliyo karibu ni kama mmekuwa mkichanga kabla yeye hajafika.

Sasa tuseme ukweli. Vikundi vingi vimechanga, tena kwa jasho. Kuthibitisha ndiko kunawashinda.

Laini moja, kazi kumi

Tuchukue mfano. Kikundi cha watu 24 upande wa Kieni kinataka tangi na mabomba ya kufikisha maji kwenye boma zao. Kila mwanachama hutuma Sh200 kwa wiki. Hiyo ni Sh4,800 kila wiki, na kwa wiki 52 inafika Sh249,600. Si pesa za kuchezewa! Zinatumwa kwa laini ya mweka hazina kwa sababu ni mama mwaminifu, na hakuna aliyewahi kumshuku.

Laini hiyohiyo ndiyo inayopokea pesa za nyanya alizouza, kodi ya chumba kimoja alichopangisha, na kitu kidogo kutoka kwa kijana wake aliye Nairobi. Hiyohiyo inalipa karo na stima. Mfadhili akiomba taarifa ya miezi 12, au stetimenti kama wengi tunavyoiita, atapewa karatasi nyingi ambazo hata mama mwenyewe hawezi kukaa chini akatenganisha ya kikundi na ya nyumbani. Na kama alichukua ule mkopo wa dharura wa simu ambao hujilipa wenyewe pesa ikiingia, basi michango ya wanachama wawili watatu huenda ilimezwa na deni lake usiku bila yeye kujua. Hajaiba. Lakini kwenye karatasi inaonekana vibaya.

Kuna jambo zito zaidi ambalo vikundi havipendi kulitaja. Mwenye laini akifariki, salio lililo ndani ni mali yake mbele ya sheria. Familia itafuata mambo ya urithi, na kikundi kitabaki kikijieleza kwa watoto walio kwenye matanga. Tusimtwike mama wa watu mzigo huo.

Tena laini ya mtu binafsi ina kikomo. Laini nyingi za simu nchini haziwezi kushika zaidi ya Sh500,000 kwa wakati mmoja. Kikundi chetu cha mfano kikiomba Sh1,200,000, pesa hizo hazina mahali pa kutua kwa simu ya mama.

Tengeni pesa leo, ombeni baadaye

Njia ni kufungua akaunti yenye jina la kikundi, ya benki au sacco, kisha iunganishwe na namba ya malipo ili mwanachama aendelee kutuma kwa simu kama alivyozoea. Wawepo waidhinishaji watatu, kwa kawaida mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na pesa isitoke kwa neno la mtu mmoja. Pale anapoulizwa namba ya akaunti wakati wa kulipa, kila mwanachama aandike namba yake ya uanachama, ileile kila wiki. Jambo dogo, lakini mwisho wa mwaka orodha inajipanga yenyewe.

Kutoka nako kuna adabu yake. Mlipeni fundi wa mabomba na duka la vifaa moja kwa moja kutoka akaunti hiyo. Kutoa Sh40,000 kwa wakala ndipo mkagawe taslimu shambani kunakata uzi, kwani taarifa itasema pesa ilitoka tu, haitasema ilienda wapi. Penye ulazima wa taslimu, chukueni risiti na muiandike siku hiyohiyo kwenye daftari. Ndiyo, daftari bado lina kazi. Taarifa ya simu inaonyesha nani alituma na lini. Daftari la mikutano linaonyesha nani aliamua na kwa nini.

Mfumo huu ukae angalau miezi sita kabla ya kutuma ombi, na mwaka mzima ni bora. Akaunti iliyofunguliwa wiki moja kabla ya tarehe ya mwisho haimwambii mfadhili lolote.

Kwa wale wa Othaya na kwingine kwenye majani chai, kuna kitu cha kueleza. Michango yenu hushuka miezi fulani kisha huruka bonasi ikitoka, mara nyingi mwezi wa kumi. Msomaji aliye ofisini Nairobi anaweza kuona mruko huo akafikiri kuna mtu aliingiza pesa kuipamba akaunti. Andikeni sentensi moja tu ndani ya ombi: wanachama wetu ni wakulima wa chai, hulipa malimbikizo baada ya bonasi. Yaishe.

Msisahau ngwatio. Kazi ya mikono ni mchango, na wafadhili wengi huihesabu. Wanachama 24 wakichimba mtaro siku 15 kila mmoja, hizo ni siku 360 za kazi. Kama kibarua kwenu hulipwa Sh500 kwa siku, mmeweka Sh180,000. Ukijumlisha na zile Sh249,600, kikundi kina Sh429,600 zake mezani kabla ya kuomba shilingi ya mtu. Ila siku hizo ziwe na orodha ya majina na sahihi. Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe hapa Nyeri, alilijua hili mapema: vikundi vya wanawake vya Green Belt Movement, iliyoanza mwaka 1977, vililipwa kiasi kidogo kwa kila mche ulioshika. Kwa hivyo ilibidi miche ihesabiwe na ripoti iandikwe, hata pale ambapo wengi hawakuwa na masomo mengi.

Karatasi na barua

Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inataka kikundi kiwe na watu wasiopungua 10, na usajili hufanywa kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii. Angalieni tarehe kwenye cheti chenu, maana cheti kilichopitwa na wakati huangusha ombi kabla halijasomwa. Mkitaka kukua kuwa shirika kamili, sheria ya mashirika ya manufaa ya umma ya 2013 hatimaye ilianza kutumika tarehe 14 Mei 2024 na kuchukua nafasi ya ile ya zamani ya NGO. Kikundi cha kijiji hakihitaji kukimbilia huko. Someni kwanza masharti ya mfadhili. Wengi hukubali cheti cha kikundi.

Barua yenyewe iwe fupi. Tatizo ni lipi, ni boma ngapi, mtafanya nini, kila kitu ni bei gani kwa dukani kwenu, nani atatunza tangi likipasuka miaka mitatu ijayo. Maneno kama uwezeshaji na maendeleo endelevu waachieni wenye kuyapenda. Bei za mabomba ziwe na karatasi ya duka yenye muhuri.

Mtu akiwapigia kuhusu ruzuku

Kikundi kikishajulikana kwamba kinatafuta pesa, matapeli nao husikia. Ujumbe huja kwamba mmeteuliwa kupata Sh800,000, tumeni Sh3,500 ya kufungua faili kwa namba hii. Mara nyingine sauti ni ya upole na inamjua hata mwenyekiti kwa jina. Msitume. Ada ya kupokea ruzuku inayolipwa kwa laini ya mtu binafsi ni utapeli, na hakuna afisa yeyote, awe wa mfadhili au wetu sisi, anayehitaji namba yenu ya siri. Msipige namba iliyo ndani ya ujumbe huo; tafuteni ya ofisi kwenye karatasi zao rasmi, mpige ninyi. Kama pesa imeshatumwa, tupigieni saa hiyohiyo kabla haijatolewa kwa wakala, mkiwa na namba ya muamala mkononi.