“Mmasai Atakuchukua”

Stendi ya Mikumi, kando ya barabara kuu iendayo Zambia. Mtoto wa miaka mitatu hivi analia, hataki kubebwa. Mama yake anamwona mwanamume aliyejifunga rubega, fimbo mkononi, akinunua maji. “Nyamaza! Mmasai yule atakuchukua.” Mtoto anameza kilio, macho yamemtoka. Yule bwana analipa, anapanda basi lake. Mama hana ugomvi naye hata chembe. Alitaka kimya tu. Lakini mtoto ameshafundishwa amwogope nani.

Tukitafuta ubaguzi wa watoto tunakimbilia kwenye matusi. Mimi naukuta zaidi kwenye sarufi. Mkulima akisema, “Fulani aliingiza ng’ombe shambani kwangu juzi,” kuna mtu, kuna siku, na mwenyekiti wa kijiji anaweza kuwaita wote wawili. Akisema, “Wamasai huingiza ng’ombe mashambani,” ile “hu-” imefuta mtu na siku. Imebaki tabia, tena ya watu wote, wakiwamo wasiozaliwa bado.

Mwaka 2012 Marjorie Rhodes na wenzake, huko Marekani, walichapisha utafiti ambamo watoto wa miaka minne walisomewa kitabu cha picha kuhusu watu wa kubuni, Zarpies. Sifa zao zilikuwa ndogo tu, kama kuogopa wadudu. Watoto waliosomewa kwa lugha ya jumla, kwamba Zarpies wako hivi, walielekea zaidi kuamini kuwa watu hao wamezaliwa tofauti na wengine. Waliosomewa habari za mmoja mmoja hawakufika huko kwa kiasi hicho. Hakuna mtoto aliyeambiwa amchukie mtu.

Wilayani Kilosa, ilimo Mikumi, “hu-” hiyo imeshika kidonda cha kweli. Tarehe 8 Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa wafugaji walipokivamia kijiji hicho cha wakulima. Waliofiwa wapo, na hofu yao ina makaburi. Lakini simulizi inapomfikia mtoto, ardhi huwa imeshadondoka njiani. Haambiwi kwamba mashamba makubwa ya mkonge yalishika ardhi nzuri ya bondeni, wala kwamba Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa 1964, ilifunga sehemu ya mbuga za Mkata zilizokuwa malisho. Anaambiwa wafugaji ni wageni, watu wa kupita. Waparakuyo, ambao wengi tunawaita Wamasai tu, walikuwa wilayani humu kabla ya uhuru; mwanaanthropolojia T. O. Beidelman aliwakuta miaka ya 1950 wakiwa majirani wa Wakaguru.

Kuna na majina. Wafugaji wengine, Wabarbaig, ambao ni Wadatoga, wengi wetu tunawaita Wamang’ati, neno lililotoka Kimaa lenye maana ya adui. Mtoto wa darasa la kwanza analitamka bila kinyongo, kama anavyotamka Wasukuma au Wahehe. Upande wa pili nao haujasalimika: kwenye boma, mtoto wa Kimasai anakua akisikia wasio Wamasai wakiitwa “ormeek”, na neno hilo nalo lina dharau yake.

Shuleni, mwalimu anaweza kulikoleza jambo bila kukusudia. Rebecca Bigler na wenzake, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1997, waliwavalisha wanafunzi fulana za bluu na za njano. Walimu walipozitumia rangi hizo kuwapanga na kuwaita, watoto walianza kuipendelea rangi yao. Ambako walimu hawakuzigusa rangi, upendeleo huo haukujitokeza hivyo. Kwa hiyo mwalimu anayesema “watoto wa wafugaji simameni huku” anapanga zaidi ya mstari.

Mwanao akirudi nyumbani na kusema, “Wamasai huiba,” usimgombeze. Atajifunza kukuficha tu. Muulize kwa upole: nani? Aliiba nini? Lini? Kisha msubiri ajibu. Mara nyingi utamwona anatazama chini, maana katika hao wote hamjui hata mmoja kwa jina.