Gia Hubadilishwa kwa Sikio

Juma lililopita tulikuwa Mombo, pale barabara ya Lushoto inapoanza kuukwea mlima, tukamwona kijana akipita na pikipiki mpya ya aina ya kruza: kiti chake kiko chini, usukani umeelekea nyuma, nayo inang'aa kote. Watu waligeuka kuitazama. Sisi tuliisikiliza injini, nayo ilikuwa ikitetemeka na kugonga kama mtu mwenye homa, kwa kuwa kijana alikuwa amekwisha kutia gia kubwa ilhali mlima ndio kwanza unaanza.

Hatusemi haya ili kumkejeli. Kosa lake ni la wengi, nalo lina chanzo. Mwanafunzi hufundishwa namna ya kubana klachi na kukanyaga gia. Ni nadra kufundishwa ni wakati gani afanye hivyo. Basi hudhani kwamba ustadi ni kufika gia ya mwisho upesi, na kwamba injini isiyopiga kelele ndiyo iliyotunzwa.

Ni kweli kwamba kruza imeundwa ivute kwa nguvu bila ya injini kukimbizwa. Tuchukue mfano wa Royal Enfield Meteor 350, iliyoanza kuuzwa mwaka 2020. Ina gia 5 na uzito wa kilo 191, na nguvu yake ya kuvuta hufikia kilele injini inapozunguka mara 4,000 kwa dakika. Lakini injini ikizunguka polepole mno huku mafuta yamefunguliwa kwa wingi, pistoni husukumwa kwa kishindo, na mapigo hayo huziumiza beringi na mnyororo.

Chombo hicho hakina kipimo cha mizunguko ya injini. Saa yake huonyesha mwendo na namba ya gia. Kwa hiyo mwalimu aliyebaki ni sikio. Injini ikitetemeka na kugonga, pangua gia moja. Ikilia kwa sauti nyembamba, pandisha. Ikinguruma kwa utulivu, iache ilivyo. Na mbele kukionekana mlima au kona, gia ipanguliwe kabla ya kufika, wala si katikati ya kona, ambako klachi ikiachiwa kwa ghafla tairi la nyuma huweza kuteleza.

Jambo kubwa zaidi ni la kuteremka. Wako watia frii na kuzima injini mlimani ili wabane petroli. Chombo kilichomo ndani ya gia huzuiwa na injini yenyewe; kilicho frii huachiwa breki peke yake, nazo zikishikwa mteremko mzima hupata moto na kulegea. Akiba yenyewe ni kiini macho. Katika injini nyingi za siku hizi, zinazopuliziwa petroli kwa mtambo wa umeme, ukifunga mafuta huku umo ndani ya gia petroli hukatwa yenyewe, bila ya kuzima kitu. Je, kikombe cha petroli chafaa kubadilishwa na uhai wa mtu?

Kijana wetu tulimkuta Soni, ameegesha kandoni akisubiri injini ipoe. Tulimwambia haya kama wazee wamwambiavyo mtoto wao, naye akasikiliza. Jioni aliteremka kwa gia ya pili. Tulimsikia kabla ya kumwona, na injini ilikuwa imetulia.

Tunawaomba wauzaji wa pikipiki wasimkabidhi mnunuzi ufunguo bila ya somo la gia. Walimu wa udereva nao wawapeleke wanafunzi mlimani, wasiishie uwanjani. Na wewe uliyenunua chombo kipya, usione haya kukaa gia ya pili wenzako wakikupita. Mwenda pole hajikwai, na nyumbani wanakungoja.