Pasipoti Mpya, Kibali Kwenye Kitabu cha Zamani

Mchukulie mama mmoja anayeishi Uingereza, aliyekuja Dar es Salaam kumzika kaka yake. Alikaa hadi arobaini. Kwa kuwa pasipoti yake ilikuwa imebakiza miezi michache, akaona achukue mpya hapa hapa nyumbani. Usiku wa kurudi amesimama kwenye kaunta ya shirika la ndege, uwanja wa Julius Nyerere, begi lake likiwa tayari kwenye mzani. Kijana wa kaunta anaipitisha pasipoti kwenye mashine, kisha anaanza kupekua kurasa. Kitabu kinanukia upya, hakina hata muhuri mmoja.

"Mama, kibali chako cha kuishi kiko wapi?"

"Kipo kwenye ile ya zamani, mwanangu. Nimeiacha Kigamboni, kabatini. Si imeshafutwa?"

Mama huyu ni wa mfano, ila swali aliloulizwa huulizwa watu wengi, na mara nyingi huulizwa saa ambayo hakuna tena nafasi ya kulijibu. Haki yake ya kuishi Uingereza ipo palepale. Kilichokatika ni uzi unaoiunganisha haki hiyo na kitabu alichoshika mkononi, na asipouonyesha uzi huo pale kaunta, ndege itaondoka bila yeye.

Tuanze na namba. Fungua pasipoti yako kwenye ukurasa wa picha, utazame chini kabisa. Kuna mistari miwili ya herufi na tarakimu iliyosongamana, kila mmoja una nafasi 44. Hiyo ndiyo sehemu inayosomwa na mashine, na nafasi tisa za mwanzo za mstari wa pili ni za namba ya pasipoti. Namba hiyo ni ya kitabu. Kitabu kikibadilika, nayo kwa kawaida hubadilika. Linganisha na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, yenye tarakimu 20, inayoanza na tarehe ya kuzaliwa na kubaki na mtu maisha yake yote. Wengi wetu tunaichukulia namba ya pasipoti kana kwamba nayo iko hivyo, kumbe kila tunapochukua kitabu kipya tunaingia upya kwenye kompyuta za dunia, tukiwa na jina lilelile na namba isiyojulikana.

Afrika Mashariki imepitia jambo hili kwa wingi miaka ya karibuni. Kenya ilianza kutoa pasipoti ya kielektroniki mwaka 2017, na Tanzania ikazindua yake Januari 2018. Vitabu vya zamani vikapangiwa mwisho wa matumizi, huku Kenya ikiusogeza mbele mwisho huo mara kadhaa. Watu waliokuwa ughaibuni wakajikuta na pasipoti mpya mkononi, na stika ya kibali ikiwa imebaki kwenye kitabu ambacho nchi yao haikitambui tena kwa safari.

Sasa, kwa nini kijana wa kaunta awe mgumu hivyo? Hana mamlaka ya kumpa wala kumnyima mtu kibali, ila mwajiri wake anabeba mzigo. Uingereza inaweza kulitoza shirika la ndege pauni 2,000 kwa kila abiria anayefikishwa bila hati zinazotakiwa. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 2001, uliweka viwango vya faini vinavyofikia euro elfu kadhaa kwa abiria mmoja, na juu ya hapo shirika ndilo hubeba jukumu la kumrudisha abiria alikotoka. Kwa hiyo mpaka wa London hauanzii London. Unaanzia Dar es Salaam, Nairobi au Entebbe, mbele ya mfanyakazi mwenye dakika chache za kuamua, anayesoma masharti kwenye skrini na kuyalinganisha na karatasi alizopewa. Kwake yeye, kibali asichokiona ni sawa na kibali kisichokuwepo.

Njia ya kujilinda hutegemea kibali chako kimeandikwa wapi, na hapa kuna aina tatu.

Aina ya kwanza ni stika au muhuri ndani ya pasipoti. Kanuni ya jumla ni kwamba stika haiishi kwa sababu kitabu kimeisha. Marekani, kwa mfano, inaitambua viza iliyomo kwenye pasipoti iliyoisha muda, mradi viza yenyewe iko ndani ya muda wake na haijaharibika, na pasipoti zote mbili ni za nchi moja na aina moja. Msafiri hubeba vitabu vyote viwili. Kosa kubwa ni kuibandua stika ili kuihamishia kwenye kitabu kipya, kwani ukiibandua tu umeiharibu. Kwa hiyo unapoomba pasipoti mpya, mweleze ofisa mapema kwamba ya zamani ina kibali ambacho bado kinatumika, uombe urudishiwe. Kukatwa kona au kutobolewa ni alama ya kawaida ya kuifuta pasipoti; angalia tu kwamba mkasi haukugusa ukurasa wa kibali.

Aina ya pili ni kadi. Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliamua kwamba vibali vya ukaazi vitolewe kwa mfumo wa kadi yenye chipu, badala ya stika. Watu wengi wakapumua, wakidhani kadi imeachana kabisa na pasipoti. Inategemea nchi. Kadi ya ukaazi wa kudumu ya Marekani, ile inayoitwa green card, haifungwi na namba ya pasipoti. Ya Ujerumani, iliyoanza Septemba 2011, imefungamana na pasipoti, na ukipata kitabu kipya unatakiwa kuomba kadi nyingine. Umoja wa Falme za Kiarabu nao uliacha kubandika stika mwaka 2022, ukafanya kitambulisho cha mkazi kuwa ndiyo hati ya ukaazi. Hata hivyo, nyuma ya kadi kuna kumbukumbu za serikali, na humo pasipoti yako mpya lazima iandikishwe.

Aina ya tatu ndiyo inayowashtua wengi: kibali kisichoshikika. Kadi nyingi za ukaazi za Uingereza ziliandikwa mwisho wake 31 Desemba 2024, hata kwa watu wenye ruhusa ya kuishi huko daima. Mahali pake pakaja viza ya kielektroniki, inayotunzwa kwenye akaunti ya mtandaoni. Humo pasipoti yako imeandikwa kwa namba. Ukisafiri na kitabu kipya bila kuingia kwenye akaunti na kuongeza namba yake, kompyuta ya shirika la ndege inaweza kuuliza habari za namba ambayo upande wa pili haujawahi kuisikia. Hapo hata uwe na bahasha nzima ya barua, anayejibu ni mashine kwanza. Mwenye stika ya zamani ya ukaazi wa kudumu huko anaweza kuomba bila malipo ihamishiwe kwenye mfumo huo mpya, na ni vema aombe mapema akiwa bado Uingereza, wala si siku ya kufunga mabegi.

Kuna mambo mengine matatu yanayokwamisha watu, hata wenye vitabu vyote viwili. La kwanza ni jina. Dada aliyeolewa, akachukua jina la mume kwenye pasipoti mpya huku kibali kikibaki na jina la baba, abebe cheti cha ndoa. La pili ni tiketi. Ikiwa ulikata ya kwenda na kurudi ukiwa na pasipoti ya zamani, namba ya zamani ndiyo iliyomo kwenye taarifa za safari, na inafaa uibadilishe kabla ya kufika uwanjani. La tatu ni pale unapounganisha ndege. Doha au Istanbul unaweza kukaguliwa tena mlangoni, kwa hiyo pasipoti zote mbili zikae kwenye mkoba wa mkononi, kamwe zisiingie kwenye begi linalokwenda chini ya ndege.

Kinachosikitisha ni kwamba hofu yetu mara nyingi huwa mahali pasipo hatari. Watu huogopa kwamba pasipoti ikiisha, kibali nacho kimekufa. Kinachoua kibali kwa kawaida ni kukaa nje muda mrefu. Ruhusa ya ukaazi wa kudumu ya Uingereza hupotea mtu akikaa nje zaidi ya miaka 2 mfululizo. Ujerumani, kwa vibali vingi, kikomo ni miezi 6. Ukaazi wa muda mrefu wa Umoja wa Ulaya hupotea kwa kukaa nje ya Umoja huo miezi 12 mfululizo. Aliyekuja kuuguza mzazi na kujikuta amevuka mwaka ana jambo zito zaidi la kufikiri kuliko rangi ya kitabu chake.

Turudi kwa yule mama. Alikuwa na bahati: mpwa wake alitoka Kigamboni na pikipiki, akavuka daraja, akafika kaunta ikiwa haijafungwa. Kijana akaweka vitabu viwili wazi ubavu kwa ubavu, kimoja kimekatwa kona, kingine kipya. Akasoma jina, tarehe ya kuzaliwa, akatazama picha mbili za mtu mmoja zilizopishana miaka kumi, akaigeukia stika. Ukaguzi ulichukua dakika mbili, na begi likasogea kwenye mkanda.

Dakika hizo mbili ndizo kila mwenye kibali anapaswa kujiandalia, na siku ya kujiandaa ni ile ile unayokabidhiwa pasipoti mpya. Kabla hujaondoka dirishani, uliza ya zamani iko wapi. Ukifika nyumbani, ingiza namba mpya kila mahali ile ya zamani ilipoandikwa: akaunti ya kibali, tiketi, ofisi ya wageni ya nchi unayoishi. Kisha vifunge vitabu viwili pamoja kwa mpira mmoja, na usiache mtu akuambie kwamba kile chenye kona iliyokatwa ni cha kutupa.