Kabla ya Kuongeza Chombo Katika Kompyuta, Hesabu Wati

Katika bonde la mto Mbwemkuru, huko Nachingwea na Ruangwa, fedha za korosho na ufuta huja kwa msimu. Zikipotea, mkulima husubiri msimu mwingine. Kwa hiyo ni vizuri kukichunguza kila chombo kabla ya kutoa fedha. Leo tutachunguza kompyuta ya mezani.

Tuseme kikundi cha vijana kinataka kufungua studio ya kutengeneza picha na video za harusi. Wamepata kompyuta iliyokwisha tumika. Wanataka kuiongezea kadi ya picha ili ifanye kazi upesi. Je, umeme wa ndani ya kompyuta hiyo utatosha?

KISANDUKU CHA UMEME

Nyuma ya kompyuta, pale unapochomekwa waya wa umeme, pana kisanduku cha bati chenye feni. Mafundi hukiita pawasaplai. Umeme wa TANESCO unaoingia nyumbani ni wa volti 230. Umeme huo ni mkali mno kwa vyombo vya ndani ya kompyuta. Kisanduku huupunguza kuwa volti 12, volti 5 na volti 3.3, kisha huugawa.

Kisanduku hiki ni kama mpishi wa harusi. Akipika chakula cha watu 50 na wakaja watu 80, chakula hakitoshi. Umeme usipotosha, kompyuta huzimika ghafla wakati wa kazi nzito. Kazi ambayo haijahifadhiwa hupotea.

HESABU YENYEWE

Wati ni kipimo cha umeme unaotumika. Andika wati za kila chombo, kisha jumlisha. Mfano ni huu:

Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta: wati 65.
Bao kuu, diski na feni: wati 55.
Kadi mpya ya picha: wati 150.
Jumla: wati 270.

Kisanduku kimeandikwa wati 300. Je, kinatosha? Wengi watasema kinatosha, maana zimebaki wati 30. Lakini hakitoshi. Sababu ni mbili.

Kwanza, kadi na prosesa zikifanya kazi nzito, huweza kuvuta umeme mwingi zaidi kwa muda mfupi. Tena kisanduku cha zamani kimechakaa, na joto hukipunguzia nguvu. Kwa hiyo jumla isizidi robo tatu ya wati zilizoandikwa. Robo tatu ya 300 ni 225. Sisi tunahitaji 270.

Pili, prosesa na kadi hutumia zaidi umeme wa volti 12. Soma karatasi iliyobandikwa kwenye kisanduku. Tafuta ampea za volti 12. Zidisha volti kwa ampea, utapata wati. Kama ni ampea 18, basi 12 mara 18 ni wati 216. Prosesa na kadi peke yake zinahitaji 215. Imebaki wati 1 tu!

Kikundi hiki kinahitaji kisanduku cha wati 400 au zaidi. Robo tatu ya 400 ni 300. Ampea za volti 12 nazo zisomwe kabla ya kulipa.

JIHADHARI

Visanduku vingine vya zamani vina swichi ndogo nyekundu ya 115 na 230. Kwetu iwe 230. Ikiachwa kwenye 115, kisanduku huungua mara kinapowashwa.

Kompyuta nyingine zina kisanduku cha umbo lake peke yake. Pima nafasi na utazame vichwa vya nyaya kabla ya kununua kingine.

Usikifungue kisanduku chenyewe. Hata kikiwa kimechomolewa, umeme hubaki ndani na huweza kukudhuru. Mwachie fundi.

Kama unatumia umeme wa jua, hesabu haiishii hapo. Skrini na printa hazilishwi na kisanduku hiki, bali huvuta umeme wake moja kwa moja. Ongeza wati zake unapochagua mashine ya kugeuza umeme wa betri.

Ndugu msomaji, unapokwenda dukani chukua kalamu na karatasi. Muuzaji akisema, "Umeme unatosha," mwombe akuonyeshe maandishi ya kisanduku. Soma, zidisha, jumlisha. Hesabu ikikataa, fedha zako zibaki mfukoni.