Sista Leonella na Mohamed

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Mkipanda matatu hapa Isiolo mkafika Meru, kisha mkashika njia ya Chuka, mtaipita Nkubu. Katika hospitali ya pale aliwahi kufanya kazi sista mmoja Mwitaliano, mnene wa mwili, mwepesi wa kucheka. Jina lake Leonella Sgorbati.

Alizaliwa mwaka 1940, akawa mtawa wa Consolata, akasomea uuguzi Uingereza, na mwaka 1970 akaja Kenya. Watoto wachanga wengi waliipokea dunia mikononi mwake. Nkubu aliwafundisha vijana wetu kazi hiyohiyo ya uuguzi. Angeweza kuzeekea huko penye mvua na migomba, wala hakuna ambaye angemlaumu.

Lakini Somalia serikali ilikuwa imeanguka tangu 1991, na wauguzi waliofunzwa walikuwa haba mno. Leonella alisali, akasikiliza, akaona Mungu anamtaka huko. Mwaka 2001 alikwenda Mogadishu, katika hospitali ya shirika la SOS, na mwaka uliofuata shule ya wauguzi ikaanza.

Msidhani hakuijua hatari. Aliwahi kusema kwamba huenda ipo risasi yenye jina lake, na Mungu peke yake ndiye ajuaye itafika lini. Maneno mazito hayo, hasa kwetu watu wa Isiolo, tuliompoteza Askofu Luigi Locati kwa risasi mjini humu tarehe 14 Julai 2005. Leonella akishasema hayo, huyo anaingia darasani, maana wanafunzi wanamngoja. Hapo ndipo mimi ninapouona ushujaa wake: kurudi kazini kesho, na keshokutwa, kwa miaka.

Mwaka 2006 wanafunzi wa kwanza, 34, walihitimu. Alikuja Kenya kuwatafutia baadhi yao masomo zaidi, ili nao wakafundishe wenzao kwao. Tarehe 13 Septemba akarudi Mogadishu.

Jumapili tarehe 17 alitoka kufundisha, akawa anavuka barabara kwenda nyumba ya masista. Watu wenye bunduki wakamfyatulia risasi. Mlinzi wake, Mohamed Mahamud, Mwislamu, baba wa watoto wanne, alikimbilia kumkinga, naye akauawa. Leonella alipelekwa hospitalini humo humo alimofanyia kazi. Kabla ya kukata roho alisema kwa Kiitaliano, mara tatu: nasamehe.

Tarehe 26 Mei 2018, kule Piacenza, Italia, Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri. Mimi habari yake siisimulii bila kumtaja Mohamed. Mungu mmoja aliwaita wote wawili, mmoja akiwa na rozari, mwingine akiswali mara tano kwa siku, nao wakaitika katika barabara moja. Basi mkifika nyumbani, Bulapesa au Kambi Garba, mkiulizwa mmesimuliwa nini leo, tajeni majina yote mawili.