Habari Itangulie Gunia

Kahawa haina subira. Tunda likishachumwa jekundu linataka kumenywa siku hiyohiyo, au kukawia sana, kesho yake asubuhi. Likilala guniani linaanza kuchacha, na uchachu huo hautoki hata uianike wiki nzima. Hasara nayo haimwishii mwenye gunia. Kahawa ya wakulima wengi humwagwa pamoja, kwa hiyo debe moja lililochacha laweza kushusha daraja la fungu zima. Ndiyo sababu, nikiitwa kuzungumza na watu wa ofisi juu ya mawasiliano kazini, huanzia kwenye mzani wa kahawa.

Mfano wangu unatoka Nakaloke, mji mdogo nje ya Mbale, upande wa barabara iendayo Kumi na Soroti. Si mbali na hapo kuna kilima cha Nabugoye, makao ya Abayudaya, Wayahudi wa Uganda, ambao imani yao ilianzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Wamezungukwa na Waislamu na Wakristo, na wengi wao ni wakulima. J.J. Keki, mmoja wa Abayudaya, alikuwa New York siku ya 11 Septemba 2001 na akayaona mashambulizi kwa macho yake. Aliporudi nyumbani alipita kwa majirani, nyumba hadi nyumba, akiwauliza kama wako tayari kuuza kahawa pamoja. Mwaka 2004 wakaanzisha ushirika wa Mirembe Kawomera, maneno ya Kiganda yenye maana ya amani tamu. Mnunuzi alikuwa kampuni ya Thanksgiving Coffee ya California.

Wageni wakifika huko husifu upendo. Upendo ulikuwepo, sikatai. Lakini mimi nimekula chumvi nyingi kwenye kazi hii, na nimeona ofisi ambazo watu wanapendana kabisa, wanazikana na kuozeshana, na bado mzigo unatoka umekosewa kila wiki. Kwenye ushirika ule mimi huangalia mambo mengine. Uongozi uligawanywa kati ya watu wa dini zote tatu, kwa hiyo mkulima mwenye lalamiko alikuwa na mtu wa kumwendea bila kujipanga maneno kwanza. Tena iangalieni kalenda. Mwislamu ana sala yake ya Ijumaa. Sabato ya Myahudi inaingia jua likizama siku hiyohiyo na kutoka Jumamosi jioni. Jumapili ni ya kanisa. Kwa kikao cha watu wote zinabaki siku nne tu, Jumatatu hadi Alhamisi. Ukiita kikao Jumamosi hujamtukana mtu, ila umekwisha kuamua nani hatasikia. Viwandani tunafanya hivyo kila siku: kikao saa nne asubuhi, na watu wa zamu ya usiku wamelala.

Halafu kuna nyimbo. Vikundi vya wakulima vilitunga nyimbo kwa lugha zao juu ya faida ya kuuza pamoja na juu ya kuishi na jirani wa dini nyingine. Mtafiti wa muziki Jeffrey Summit alizirekodi, na mwaka 2013 zikatolewa na Smithsonian Folkways. Wengi huzichukua kama burudani. Mimi naona ni waraka wa kazi uliopata sauti: asiyejua kusoma anaupata, anaubeba shambani, anaurudia mpaka mtoto wake anaujua. Sijawahi kuona tangazo la ubaoni likifanya hivyo.

Lakini wimbo unashuka vizuri kuliko unavyopanda. Kazi ngumu ni ya kupandisha habari mbaya kutoka kwa aliyeshika gunia hadi kwa aliyeshika daftari, tena kabla gunia halijamwagwa. Mkulima anayejua kahawa yake ililala usiku kucha ana mambo mawili ya kupima: aseme akatwe bei, au anyamaze. Akiona aliyesema jana alichekwa mbele za watu, atanyamaza. Amy Edmondson, mtafiti wa Marekani, alikutana na jambo hili hospitalini miaka ya 1990. Alitarajia timu zinazofanya kazi vizuri ziwe na makosa machache ya dawa. Hesabu zikamwonyesha kinyume: timu nzuri ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi. Jibu lililomjia ni kwamba huenda hawakuwa wakikosea zaidi kuliko wengine, bali walithubutu kusema.

Kimya cha namna hiyo nilikikuta nilipoitwa kwenye kiwanda kimoja upande wa Jinja, ambacho sitakitaja. Mashine zilikuwa zinaharibika ghafla, na meneja alilalamika kwamba watu wake hawasemi. Nikakaa kwenye kikao chake. Alizungumza Kiingereza kwa dakika ishirini mbele ya Wasoga, Wagisu na mafundi wawili kutoka Kenya, kisha akauliza: "Kuna swali?" Kimya. Akafunga daftari, akaniambia wameelewa.

Tulibadilisha vitu vichache. Kikao kikahamia kando ya mashine, wakati zamu moja inaingia na nyingine inatoka. Lugha ikawa Kiswahili cha sokoni, kilichovunjika kidogo lakini cha wote. Nami namshangaa bado msomi wa Uganda anayekiona ni lugha ya wanajeshi, hali baraza la mawaziri lilikwisha kukipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2022. Tukapatana pia kwamba mwenye kutaja hitilafu kabla haijaleta hasara asikatwe mshahara. Na msimamizi aache kuuliza kama kuna tatizo, maana swali hilo jibu lake ni "hakuna, bosi" siku zote. Aulize: "Leo umeona nini ambacho jana hakikuwepo?"

Siku tatu za kwanza walitazama viatu vyao. Ya nne akajibu mama mfagiaji, ambaye hakuna aliyekuwa amemuuliza. "Bosi," alisema, fagio likiwa mkononi, "chini ya ile ya pili kuna mafuta. Mimi nayapangusa tangu Jumatatu."