Je, Wajua? Mikoko ya Ghuba ya Gazi
Je, wajua kwamba ghuba ya Gazi, iliyo baina ya Diani na Msambweni, ambako katika karne ya 19 alikaa Sheikh Mbaruk bin Rashid Mazrui, yule aliyepigana na Waingereza tangu 1895 hata mwaka uliofuata akalazimika kuvuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani, leo ina sifa isiyotokana na upanga?

Hapo maji matamu ya mito Kidogoweni na Mkurumuji hukutana na maji ya bahari, na katika tope lake huota mikoko, mikandaa, michu na mililana, jamii ya miti ambayo boriti zake majahazi ya pwani yetu, tangu dahari, yalizipeleka Arabuni kwa pepo za kusi. Mingi ilikatwa, mingine ikawa kuni za tanuri za chokaa, hata 1991 upandaji wa miti mipya ukaanza. Na tangu 2013 wenyeji, kwa mradi wa Mikoko Pamoja, huhifadhi hekta 117 na kuuza ng'ambo hati za hewa ya ukaa iliyofungwa mitini na topeni. Biashara ya ajabu hii, maana bidhaa yenyewe haipakiwi chomboni wala haipimwi mizanini. Lakini fedha zake zimenunua vitabu vya shule na kuwafikishia maji safi watu wa vijiji vya Gazi na Makongeni.